Asili ya Draiva Mbili

Mtu atiaye mfumo wa Linux katika kompyuta yenye kadi ya picha ya Nvidia hufika njia panda: atumie draiva ya kampuni, au ile iliyoandikwa na watu wa kujitolea? Asiyejua asili ya swali hili huchagua kama apigaye ramli.

Draiva ni programu iliyo mkalimani baina ya mfumo na chombo. Kadi haifahamu ila lugha yake, na lugha hiyo huijua aliyeiunda. Linus Torvalds alipoitoa Linux huko Helsinki mwaka 1991, aliitoa pamoja na msimbo wake, kila mtu ausome na kuurekebisha. Nvidia nayo iliwapa watu wa Linux draiva yenye kasi, walakini iliuficha msimbo wake. Ikiharibika, hakuna wa kuitengeneza ila kampuni yenyewe.

Ndipo, katikati ya miaka ya 2000, wakatokea wataalamu walioanza kazi iitwayo Nouveau, yaani "mpya" kwa Kifaransa. Hawakupewa kitabu cha maelezo. Walifanyaje basi? Waliiendesha draiva ya kampuni, wakatazama kila namba iliyopelekwa kwenye kadi, wakabadili jambo moja, wakatazama tena, mfano wa mtoto ajifunzaye kusema kwa kuwasikiliza wakubwa. Kazi hiyo ilichukua miaka, hata mwaka 2010 Nouveau ikaingia katika Linux 2.6.33.

Kampuni ya AMD ilishika njia nyingine: tangu 2007 ilianza kutoa maelezo ya kadi zake. Ndiyo sababu mwenye kadi ya AMD leo aghalabu haulizwi swali letu.

Mwaka 2012, mbele ya hadhara katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, Torvalds aliitukana Nvidia waziwazi. Tusi lenyewe halifai kuandikwa humu. Mambo yalizidi ugumu kwa kadi zilizoanza kutoka mwaka 2014, ambazo zilidai programu ndogo yenye sahihi ya kampuni. Pasipo hiyo Nouveau iliweza kuonyesha picha, lakini haikuweza kuipa kadi kasi yake kamili.

Mnamo Mei 2022 Nvidia ilifungua msimbo wa sehemu ya draiva ifanyayo kazi ndani ya kiini cha Linux. Sehemu nyingine zilibaki zimefungwa, na kadi za kabla ya 2018 hazikuingizwa. Mwenye kadi hizo za kale angali pale pale njia pandani.