Mwandishi Aliyebaki Ndani ya Jarida

Tarehe 2 Septemba 1865 wakazi wa Melbourne walipata jarida jipya la kila wiki, Australian Journal. Toleo hilo la kwanza lilianza kuchapisha Force and Fraud, riwaya ya mfululizo ya Ellen Davitt inayohusu mauaji, na tangu hapo uhalifu na upelelezi havikukauka katika kurasa zake. Jarida hilo lilidumu karibu miaka mia. Ndani yake limehifadhiwa fungu kubwa la hadithi fupi za koloni la Victoria, na nyingi kati ya hizo hazikuwahi kutiwa kitabuni. Nashikilia kwamba anayetaka kuijua fasihi ya koloni lile aanzie humo, kwenye karatasi za bei nafuu, ndipo aende kwenye vitabu.

Wasomaji wake walikuwa watu wa kuja. Kabla dhahabu haijagunduliwa mwaka 1851, Victoria ilikuwa na walowezi wapatao 77,000. Miaka kumi baadaye idadi ilifika takribani 540,000. Walitoka Uingereza, Ireland, China, Ujerumani na Marekani, wakapiga mahema juu ya ardhi ya wenyeji kama Wadja Dja Wurrung, ambao walipokonywa nchi yao bila mkataba wala fidia. Wengi wa wageni hao walijua kusoma na walipenda hadithi. Lakini vitabu vilikuwa ghali, na majarida ya London yalisafiri baharini kwa miezi kabla ya kufika bandarini. Australian Journal lilifuata mtindo wa majarida hayo: hadithi, mashairi, mapishi, mitindo ya mavazi, na majibu kwa barua za wasomaji. Liliendelea kuchapisha kazi za ng'ambo, ila liliwaachia nafasi waandishi wa pale pale, na lilihitaji hadithi mpya kila mara.

Mmoja wa waliolilisha jarida hilo kwa muda mrefu ni Mary Fortune. Alizaliwa Ireland mwanzoni mwa miaka ya 1830, akakulia Kanada, akaolewa huko, kisha mwaka 1855 akamfuata baba yake kwenye machimbo ya Victoria, akiwa na mtoto wake mdogo. Alianza kwa kutuma mashairi kwenye gazeti la huko. Mhariri, akidhani anaandikiwa na mwanamume, akamwahidi kazi. Alipogundua kuwa ni mwanamke, kazi ikaota mbawa. Baadaye aliolewa na askari polisi wa farasi, na ingawa ndoa ile haikudumu, alikuwa amekwisha kuyaona mambo ya polisi kwa karibu kuliko waandishi wengi wa wakati wake. Akaanza kutia sahihi kazi zake kwa herufi W.W., yaani Waif Wander, jina la kalamu lisilofichua kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke.

Hadithi yake The Dead Witness ilitoka Januari 1866, na ni miongoni mwa hadithi za kale kabisa za upelelezi zinazojulikana kuandikwa na mwanamke. Kijana mpiga picha anaingia porini kutafuta mandhari, harudi. Mpelelezi anafuata nyayo zake, na kilichoachwa na kamera ya marehemu ndicho kinachomweka muuaji hadharani. Zingatia mwaka: Sherlock Holmes hakuonekana hadi 1887. Upigaji picha wa siku zile ulitumia vioo vilivyopakwa dawa, na mpiga picha alilazimika kuvisafisha papo hapo kabla dawa haijakauka, hata kama yuko mwituni. Mary Fortune aliichukua teknolojia hiyo mpya, ambayo wasomaji wake waliifahamu kwa picha walizotuma kwa ndugu zao ng'ambo, akaifanya shahidi wa kesi.

Upelelezi ulistawi huko kwa sababu za wazi. Machimboni mtu aliweza kubadili jina kwa siku moja. Jirani wa hema la pili alikuwa mgeni mtupu, naye pengine amelalia dhahabu. Mchimbaji alipotoweka, nani angejua kama amehamia bonde jingine au ametupwa katika shimo lililoachwa? Swali la huyu ni nani hasa, ambalo ndilo mhimili wa hadithi ya upelelezi, lilikuwa swali la kila jioni. Kuanzia 1868 Mary Fortune aliliuliza katika mfululizo ulioitwa The Detective's Album, akitumia sauti ya mpelelezi Mark Sinclair. Mfululizo huo uliendelea hadi 1908, ukazaa hadithi zaidi ya 500. Chache kati ya hizo zilikusanywa kuwa kitabu mwaka 1871.

Hapo ndipo njia za waandishi wawili zilipoachana. Marcus Clarke, aliyekuwa mhariri wa jarida hilo hilo, alichapisha humo His Natural Life, riwaya ya mfululizo kuhusu wafungwa, kuanzia 1870 hadi 1872. Mwaka 1874 ikatolewa kama kitabu, na leo inahesabiwa miongoni mwa nguzo za fasihi ya Australia. Kitabu hupewa rafu maktabani, huhakikiwa, husomeshwa. Jarida la mwezi uliopita hufungiwa nyama buchani. Mary Fortune aliishi kwa jarida, na kumbukumbu yake ikachakaa pamoja nalo.

Maisha yake hayakuwa mepesi. Februari 1874 gazeti la polisi la Victoria lilitangaza kwamba anatafutwa atoe ushahidi katika kesi ya ubakaji. Tangazo linamweleza kama mwanamke wa miaka 40, mrefu, mwembamba, aliyepauka, mwenye kofia nyeusi na buti kuukuu, mlevi aliyewahi kuwekwa rumande, na mwandishi wa magazeti kadhaa ya Melbourne. Mwanawe aliingia katika uhalifu akafungwa. Mwanamke aliyeandika kila mwezi kwa sauti ya mpelelezi alikuwa pia ndani ya daftari la polisi, naye hakuacha kuandika. Uzeeni macho yalipofifia, jarida lilimpa posho, akafariki mwaka 1911. Katikati ya karne ya 20 mkusanya vitabu J. K. Moir ndiye aliyegundua jina lililojificha nyuma ya W.W., na tangu miaka ya 1980 mtafiti Lucy Sussex amefanya kazi kubwa ya kumrudisha kwa wasomaji.

Hadithi hizo zina kasoro za zama zake. Wenyeji wa nchi wanapotokea katika fasihi ya aina hii, mara nyingi ni wafuata nyayo wanaowatumikia polisi, na Wachina huchorwa kwa dharau. Nalo hilo ni la kusomwa, maana linaonyesha walowezi walivyojihalalishia makao yao toleo baada ya toleo.

Historia ya fasihi iliyoandikwa kwa kutazama vitabu peke yake iliwahesabu waliokuwa na mtaji wa kuchapisha na heshima ya kulinda. Ilimwacha mwanamke aliyesomwa kwa miaka 40 mfululizo. Sasa Mary Fortune amerudishiwa jina lake. Wenzake wengi waliotia sahihi kwa herufi mbili tu bado wamo kurasani, na kazi ya kuwatafuta ni yetu sisi tunaoitwa wanahistoria.