Safu ya Lugha: Kaskazi

Mume na mke wenye boti yao ya injini, wakitaka kung'oa nanga Likoni waelekee Shimoni, Vanga, Tanga hadi Unguja, kwanza waulize msimu. Kaskazi, upepo wa takriban Desemba hadi Machi, huwasukuma kutoka tezini, yaani nyuma. Kusi, upepo wa katikati ya mwaka, huwapiga omoni, yaani mbele. Tena mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, na majira ya kusi huzidi nguvu. Wakisafiri wakati wa kusi, injini itakunywa mafuta mpaka yawaishie njiani.

Ongeza -ni kwenye majina ya pepo hizo, yanakuwa pande za dunia: kaskazini, kusini. Urithi mkubwa huu! Walimu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, mkifundisha pande za dunia, anzeni na pepo.