Lokole za Tshopo zilitangulia kompyuta

Tarehe 1 Februari 1877, mpelelezi Stanley akishuka na Mto Kongo, mitumbwi ya vita ya Wabasoko ilimkabili pale mto Aruwimi unapomwaga maji yake, katika mkoa wa sasa wa Tshopo. Katika habari za safari ile alikiri kwamba watu wa mtoni walipashana habari kwa ngoma upesi ajabu.

Ngoma hizo ni lokole, na aliyezieleza vizuri ni mmishonari Mwingereza John Carrington, aliyefika Yakusu, karibu na Kisangani, mwaka 1938 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1949. Lokole ni gogo lililochimbwa tumbo kupitia mwanya mwembamba. Mdomo mmoja wa mwanya hutoa sauti ya juu, wa pili ya chini. Kilokele, lugha ya huko, nacho hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na mpigaji hubeba hilo tu. Irabu na konsonanti zote hupotea. Kwa hiyo songe, yaani mwezi, koko, yaani kuku, na fele, aina ya samaki, hulia sawasawa kabisa.

Wapigaji walilitatua tatizo hilo kwa kulipatia kila neno maelezo yake ya kudumu. Kuku hakutajwa bila mlio wake, wala mwezi bila kusemwa kwamba unaitazama dunia. Kwa hesabu ya Carrington, ujumbe ulirefuka karibu mara nane. Lakini ulifika, na ulieleweka.

Wahandisi wa kompyuta walikutana na kazi ya namna hiyo baadaye sana: kuhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuipoteza. Intel ilipotoa chipu ya 8086 mwaka 1978, ilitoa pia CONV86, programu ya kugeuza kodi (maagizo ya programu) ya chipu ya 8080 ili itumike kwenye hiyo mpya. Agizo moja la zamani wakati mwingine lilihitaji mapya kadhaa ili lisipoteze athari yake yoyote, na programu ikarefuka. Mwaka 2020 watafiti wa Facebook walitangaza TransCoder, iliyojifunza kugeuza kodi kati ya C++, Java na Python bila kuonyeshwa jozi za programu zilizokwisha kugeuzwa. Walisisitiza ipimwe kwa kuiendesha kodi mpya na kuona kama inatoa majibu yaleyale. Mpigaji wa lokole naye alipimwa hivyo: je, kijiji cha pili kimeelewa?

Mwaka 2011 Mmarekani James Gleick alianza kitabu chake kuhusu historia ya habari kwa ngoma hizi. Wanafunzi wa kompyuta wa Kisangani wanastahili kuanzia hapohapo. Carrington alikwisha kuona vijana wakiacha kujifunza kupiga lokole. Wazee wanaojua kupiga warekodiwe sasa, wangali hai.