Inabeba Ngapi? Historia ya Namba Iliyouza Vicheza Muziki vya Mfukoni

Mnunuzi wa Walkman hakuhitaji kuuliza inabeba ngapi. Sony ilipoiingiza sokoni nchini Japani, tarehe 1 Julai 1979, kwa yeni 33,000, kifaa chenyewe hakikuwa na nafasi ya wimbo hata mmoja. Namba ilikuwa kwenye kanda: dakika 60 au 90. Zaidi ya hapo utepe ulikuwa mwembamba mno, ukinaswa na mashine kila mara. Aliyetaka muziki mwingi alibeba kanda nyingi, basi. Kwa hiyo dukani watu walipima mambo mengine: uzito, betri zinakaa muda gani, na kama kuna matundu mawili ya hedifoni ili mwenzako naye asikilize. Walkman ya kwanza ilikuwa nayo hayo mawili, tena na kitufe cha rangi ya chungwa cha kupunguza muziki ili muongee.

Swali la "inabeba ngapi?" lilikuja baadaye, muziki ulipohama kutoka kwenye kanda na kuingia ndani ya kifaa. Tangu hapo limeuza vifaa vingi, limedanganya wengi, na mara kadhaa limewapitisha wanunuzi mbali na kifaa kilichowafaa.

Chanzo chake ni mji wa Erlangen, Ujerumani. Huko, kwenye taasisi ya Fraunhofer, Karlheinz Brandenburg na wenzake walitafuta namna ya kuukamua muziki kwa kutupa zile sauti ambazo sikio la binadamu lisingezinasa hata zingeachwa. Dakika moja ya muziki wa CD hula takriban megabaiti 10. Ikikamuliwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, inabaki megabaiti moja hivi. Julai 1995 wakakubaliana kuwa mafaili yao yaishie na .mp3.

Vifaa vya kuyacheza mafaili hayo vikiwa mfukoni viliingia madukani mwaka 1998. Wakorea wa Saehan walitangulia na MPMan, na mwaka huohuo kampuni ya Diamond Multimedia ya California ikatoa Rio PMP300. Bei ilikuwa dola 200, betri moja ya AA, na kilijazwa kutoka kwenye kompyuta kupitia tundu lilelile la printa. Kilibeba megabaiti 32, yaani nusu saa ya muziki. Kanda ya 60 iliyonunuliwa kwa bei ya maji ilikuwa na muziki mara mbili ya hapo. Kwa kipimo cha namba, Rio ilikuwa kichekesho.

Makampuni ya muziki ya Marekani hayakucheka. Oktoba 1998 chama chao, RIAA, kilikimbilia mahakamani kuomba Rio izuiwe kuuzwa, kikiegemea sheria ya 1992 ya kurekodi sauti majumbani, iliyotaka vifaa vya kurekodi kidijitali viwe na kizuizi cha kunakili nakala na vilipiwe mrabaha. Tarehe 26 Oktoba jaji akakataa kuizuia. Juni 1999 mahakama ya rufaa ikamaliza ubishi: Rio haikuwa kifaa cha kurekodi kwa maana ya sheria ile, kwa sababu ilinakili kutoka kwenye diski ya kompyuta, na kompyuta haikuguswa na sheria hiyo. Majaji wakaongeza kwamba mtu kuhamisha muziki ambao tayari anao, ili ausikilize mahali pengine, ni matumizi ya binafsi yanayoendana na lengo la sheria. Mimi naiona hukumu ile kuwa kubwa kuliko kifaa chochote kilichotajwa kwenye makala hii. Bila hiyo, watengenezaji wachache wangethubutu kuongeza nafasi.

Nao waliiongeza kwa pupa. Mwishoni mwa 1999 ikatoka Personal Jukebox, iliyobuniwa na watafiti wa Compaq na kuundwa na Hango ya Korea, ikiwa na diski ngumu ya kompyuta ya mapajani tumboni: GB 4.8, kwa dola zipatazo 800. Mwaka 2000 Creative ya Singapore ikaleta Nomad Jukebox ya GB 6. Hapa pana funzo kwa yeyote anayenunua kwa kusoma boksi. Nomad ilikuwa na umbo na ukubwa wa kicheza CD, ilikula betri nne, na waya wake wa USB wa zama zile ulipitisha kwa mbinde megabaiti moja kwa sekunde. Kuijaza yote ilikuwa shughuli ya masaa. Nafasi ilikuwepo, ila kuifikia ndiyo ilikuwa kazi.

Februari 2001 Jon Rubinstein, mkuu wa vifaa wa Apple, alikuwa Japani kwenye ziara zake za kawaida kwa wauzaji wa vipuri. Wahandisi wa Toshiba wakamwonyesha diski ndogo ya inchi 1.8, GB 5, ambayo wao wenyewe hawakuwa na uhakika wataiweka kwenye nini. Miezi minane baadaye, tarehe 23 Oktoba, Steve Jobs akaitoa iPod mfukoni mwake jukwaani. Dola 399, gramu 185, na ilifanya kazi na kompyuta za Mac peke yake. Mmoja wa waandishi maarufu wa teknolojia akaipuuza siku hiyohiyo, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba ina nafasi ndogo kuliko Nomad. Kihesabu alikuwa sahihi. Lakini iPod ilitumia waya wa FireWire, na Apple ilisema nyimbo 1,000 zinaingia kwa chini ya dakika kumi. Ilikuwa na gurudumu la kupitishia orodha kwa kidole gumba, na ilienea mfukoni. GB moja pungufu haikumuuma mtu.

Hizo nyimbo 1,000 nazo zina hesabu yake. Apple ilikadiria wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 160. Muziki wa kwetu haukutungwa kwa kipimo hicho. Chukua "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, inayokaribia robo saa, uikamue kwa kiwango hicho: inakula karibu megabaiti 17. Kwa nyimbo za urefu huo, zile 1,000 zinashuka hadi 300. Mpenzi wa taarab ya asili angepata jibu linalokaribiana na hilo.

Video iliingia kwa mlango wa nyuma. Archos ya Ufaransa ilitoa Jukebox Multimedia mwaka 2002: GB 20, kioo cha inchi 1.5. Filamu za wakati ule zilibanwa zitoshe kwenye CD moja ya megabaiti 700, kwa hiyo ndani ya kifaa kile ungeweka filamu zaidi ya 25 na kuzitazama kwenye kioo kisichofika hata upana wa stempu mbili. Microsoft na washirika wake walijaribu mwaka 2004 kwa vioo vikubwa zaidi. Oktoba 2005 ikaja iPod ya video, GB 30 au 60, kioo cha inchi 2.5. Ile ya GB 30 iliahidi saa mbili tu za video kwa chaji moja. Ungeweza kutembea na shehena nzima ya filamu, lakini ya Kihindi isingefika mwisho kabla betri haijazima. Boksi liliandikwa GB kwa herufi kubwa. Saa za betri zilikuwa pembeni, kwa maandishi ya kutafuta kwa miwani.

Zune ya Microsoft ilikuja Novemba 2006 nayo ikiwa na GB 30. Tarehe 31 Desemba 2008 vifaa hivyo viliganda duniani kote kwa pamoja. Programu ya saa iliyokuwa ndani haikujua la kufanya na siku ya 366 ya mwaka mrefu, ikazunguka palepale bila kutoka. Dawa ilikuwa kuacha betri iishe na kusubiri mwaka mpya.

Huku Afrika Mashariki wengi hawakuvijua vifaa hivyo zaidi ya kuviona mikononi mwa ndugu waliorudi kutoka ng'ambo. Kilichojaa Kariakoo na Luthuli Avenue kilikuwa "MP4" kutoka China: kiplastiki chembamba, kioo kidogo, tundu la USB, na kisidii cha programu ndani ya boksi. Vingi vilitumia chipu za kampuni ya Actions ya mjini Zhuhai, na video zake zilibidi kwanza zigeuzwe kuwa AMV, mtindo wenye picha hafifu ila mwepesi kwa chipu ya bei rahisi. Baadaye zikaja MP5 na hata MP6, namba zilizobuniwa na wauzaji.

"GB ngapi hii, kaka?"

"Nane, mzee. Orijino."

Ukichomeka kwenye kompyuta, kweli inasoma nane. Hapo ndipo palipokuwa na utapeli, kwa sababu kompyuta haipimi nafasi. Inaiuliza chipu, na chipu inajibu ilivyofundishwa. Ndani palikuwa na GB moja, pengine hata chini ya hapo. Nyimbo za mwanzo zilicheza vizuri, mteja akaridhika na kwenda zake. Zilizozidi nafasi halisi ziliandikwa juu ya nyingine au zikapotea. Jina la wimbo lilibaki kwenye orodha, ukibonyeza kimya. Wengi walilaumu virusi.

Kilichoua biashara hiyo si polisi wala hasira za wateja. Ni kadi. Mwaka 2004 SanDisk ilitoa kijikadi cha milimita 11 kwa 15, ambacho mwaka uliofuata kikapewa jina la microSD. Simu za Nokia XpressMusic zikaja na tundu lake, halafu simu za Kichina za laini mbili, halafu redio ndogo na sabufa. Nafasi ikatoka tena ndani ya kifaa, kama zama za kanda. Vijana wakaweka kompyuta kwenye vibanda. Unakabidhi memori kadi, unataja unachotaka, Bongo Fleva, rumba, kwaya, filamu iliyotiwa maneno ya Kiswahili, unaingiziwa na unalipa kidogo. Msanii hakupata kitu, na yale ambayo RIAA iliyaogopa mwaka 1998 yalitimia hapa bila kesi yoyote. Wenye simu za Bluetooth hata kibanda hawakukihitaji, walirushiana.

Huko kwa matajiri nako diski ilikufa. Apple ilihamia kwenye chipu kwa iPod nano ya 2005, na Novemba mwaka huo ikakubali kutanguliza dola bilioni 1.25 kwa watengenezaji watano ili isikose chipu hizo. iPod classic ya GB 160, iliyodaiwa kubeba nyimbo 40,000, iliondolewa Septemba 2014. Tim Cook alieleza kwamba vipuri vyake havikupatikana tena. iPod touch, ya mwisho katika ukoo huo, ilitangazwa kusitishwa tarehe 10 Mei 2022. Sony bado inauza Walkman, siku hizi ikiwa na Android na tundu la microSD.

Anayenunua leo, iwe Walkman mpya, redio ya sokoni au flashi ya gari, kwa kweli ananunua kadi, na utapeli wa MP4 umehamia humo. Kadi halali ya GB 64 itaonyesha kama 59 kwenye kompyuta. Huo si wizi: kiwandani GB moja ni baiti bilioni 1, wakati kompyuta nyingi huihesabu kuwa 1,073,741,824. Ya kuogopa ni ile ya GB 512 inayouzwa kwa nauli ya daladala. Kuna programu ya bure iitwayo H2testw inayoijaza kadi mpaka ukingoni kisha kuisoma yote upya. Inachukua muda mrefu, pengine usiku mzima, kwa hiyo usimlipe muuzaji pesa yote mpaka umekubaliana naye kwamba ikifeli utairudisha.