Farasi wa Mbugani na Chupa za Baltimore

Vita Kuu vilipozuka Ulaya mwaka 1914, na majeshi yakatambua kwamba mizinga, risasi na posho ya askari havifiki mbele pasipo mnyama wa kuvivuta, wanunuzi wa Uingereza na Ufaransa walivuka bahari hadi Marekani, nchi ambayo wakati ule haikuwa imeingia vitani, wakanunua farasi na baghala kwa mamia ya maelfu. Wengi wa wanyama hao, waliokulia katika mbuga za magharibi pasipo kuzoea lijamu wala tandiko, walikusanywa mazizini, wakakaguliwa meno na kwato, wakapigwa chapa, kisha wakapakiwa katika treni mpaka bandari za mashariki, kama Baltimore na Newport News, wakasongamana huko wakingoja marikebu.

Sinema za wachunga ng'ombe zimetuzoeza kumtazamia adui wa farasi aje usiku na bastola na kiberiti. Lakini adui wa kweli wa farasi hao wa bandarini alikuwa tabibu mwenye adabu zake, tena mwana wa shamba la farasi. Anton Dilger alizaliwa Virginia mwaka 1884, katika shamba la Greenfield, alikofugia farasi baba yake, Mjerumani aliyetunukiwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Marekani. Tangu utotoni alipelekwa Ujerumani, akasomea utabibu Heidelberg, na mwaka 1915 akarejea alikozaliwa, sasa akiwa jasusi wa Ujerumani, mizigoni mwake mkiwa na vijidudu vya kimeta na vya glandasi, maradhi yamjazayo farasi vidonda puani na kumtoa kamasi nzito mpaka afe, na ambayo humwua hata mtunzaji wake.

Katika nyumba moja ya Chevy Chase, karibu na Washington, yeye na nduguye Carl walivikuza vijidudu hivyo chini ya sakafu, wakavijaribu kwa simbilisi. Kazi ya kuvieneza ilikuwa ya Frederick Hinsch, nahodha wa meli ya Kijerumani iliyozuiliwa Baltimore, naye akawaajiri makuli. Kila chupa ndogo ilikuwa na kizibo kilichopenyezwa sindano, ncha yake ikiloa ndani. Kuli, amevaa glovu za mpira, hupita ubavuni mwa zizi kana kwamba yu katika shughuli zake, akamdunga huyu na yule, na masalio akayamimina katika hori la maji. Mfugaji hahitaji kuelezwa ubaya wa hilo la mwisho, maana kundi zima huinamisha vichwa humo humo.

Waliokufa kwa hila hiyo hawakupambanulika na waliouawa na homa ya mapafu njiani, na biashara haikukoma. Kwetu Afrika Mashariki, katika vita hivyo hivyo, hata jasusi hakuhitajika: mbung'o waliwamaliza farasi na baghala wa majeshi, mizigo ikahamia vichwani mwa wapagazi, nao wakafa kwa maelfu.

Dilger alifariki Madrid mwaka 1918 kwa homa ya mafua iliyoikumba dunia. Habari za chupa zilifichuka zaidi baadaye, mbele ya tume ya madai baina ya Marekani na Ujerumani. Itifaki ya Geneva ya 1925 iliharimisha silaha za vijidudu vitani. Marekani, iliyodungiwa farasi bandarini mwake, haikuiridhia mpaka mwaka 1975.