Fleti Inauzwa, Ardhi ya Nani?

Wiki chache zilizopita mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini akiwa na tangazo katika simu yake. Fleti ya vyumba viwili vya kulala inauzwa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, mwendo wa dakika chache kutoka Forodhani, na dirisha moja linaiona bahari. Bei imetajwa kwa dola. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna maelezo kwamba ardhi ni ya ukodishaji wa miaka 99. Akaniuliza: "Mwalimu, anayenunua hapa ananunua kitu gani hasa?"

Nilimjibu kwa sentensi mbili, maana kipindi kilikuwa kimekaribia. Lakini swali lile halikuniacha. Wazanzibari wameliuliza kwa karne nzima, na mara zote limezaa ama sheria, ama fujo, ama vyote viwili.

Tuanze ng'ambo ya pili ya mji. Jina Ng'ambo lenyewe linatukumbusha kwamba palikuwa na hori la bahari lililoutenga mji wa mawe na upande wa mashariki, watu wakivuka kwenye daraja, ndiyo asili ya jina Darajani. Upande ule walijenga watu wasiokuwa na nafasi Shangani wala Malindi: watumwa na, baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa, mafundi, wachukuzi, wavuvi, watu wa bara, Wangazija. Wengi walijenga nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti. Nyumba ilikuwa mali ya aliyeijenga. Ardhi chini yake ilikuwa ya tajiri fulani, au ya wakfu.

Mgawanyo huo haukuwa wa ajabu katika mila za pwani. Mtu aliweza kumiliki mnazi uliosimama katika shamba la mwenziwe, na aliweza kumiliki nyumba juu ya kiwanja kisichokuwa chake. Kwa muda mrefu wakazi wengi wa Ng'ambo walikaa bila ya kulipa chochote, kwani mwenye ardhi alipata heshima, wafuasi na thawabu. Mambo yalibadilika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mji ulikua, kiwanja kikageuka bidhaa, na wenye ardhi wakaanza kudai kodi, kisha wakaipandisha. Aliyekuwa na nyumba yake mwenyewe akajikuta mpangaji wa udongo uliobeba kuta zake.

Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kuilipa kodi hiyo. Wanawake, ambao wengi wao walikuwa ndio wenye nyumba, walikuwa mstari wa mbele. Waliokataa kulipa walipofikishwa mahakamani na kufungwa, umati ulilivamia gereza na kuwatoa. Serikali ya Mwingereza, ambayo ilikuwa imeyaona madai yale kuwa kelele za watu wasiojua sheria, ililazimika kutunga sheria ya kuzuia upandishaji wa kodi za viwanja. Kabla ya vyama vya siasa, watu wa kawaida walikuwa wamekwisha kuijadili siasa ya ardhi mitaani mwao.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ya Rais Abeid Amani Karume iliitaifisha ardhi yote. Mashamba yaligawiwa kwa eka tatu tatu. Mjini, nyumba nyingi za mawe zilizotwaliwa au kuachwa na wenyewe zilipata wakazi wapya, baadhi yao wakitoka shamba. Mwenye kiwanja wa mwaka 1928 akaondoka katika hesabu, na nafasi yake ikachukuliwa na dola.

Dola hiyo haikuishia kutaifisha. Kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki zilijengwa nyumba za kisasa Kikwajuni na Kilimani, kisha majumba marefu ya Michenzani, yaliyopangwa kwa umbo la msalaba katikati ya Ng'ambo. Karume hakutaka yabakie ya mjini tu. Ukienda Makunduchi leo, au Wete kule Pemba, utayakuta majumba ya ghorofa ya zama zile yakiwa yamezungukwa na migomba na minazi.

Kuhusu Michenzani hatuna budi kusema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, lilikuwa tendo la heshima. Mtoto wa mchukuzi alipanda ngazi za saruji kuingia katika nyumba yenye umeme na bomba, na hakudaiwa bei ambayo asingeweza kuilipa maishani. Pili, ili majumba yale yasimame, mitaa hai ilivunjwa. Nyumba za udongo ziliondoka pamoja na baraza zake, viambaza vyake na njia zilizojua nani ni jirani wa nani. Watu walipewa nyumba, lakini hawakuulizwa wanaitakaje. Na kwa kuwa fleti ilikuwa zawadi ya Serikali, haikueleweka ngazi, paa na pampu ya maji ni jukumu la nani. Maji yaliposhindwa kupanda ghorofa za juu, watu walipanda nayo wenyewe kwa ndoo.

Mji Mkongwe nao uliumia kwa namna hiyo hiyo. Nyumba ya mawe na chokaa inahitaji mkono wa fundi kila baada ya misimu michache. Mpangaji asiye na uhakika wa kesho hawezi kuigharimia, na Serikali ilikuwa na nyumba nyingi kuliko mafundi. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya hifadhi, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu.

Tunafika sasa kwenye tangazo la mwanafunzi wangu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 ilithibitisha kwamba ardhi ni mali ya umma, na kwamba mtu hupewa haki ya kuitumia au hukodishwa. Sheria ya mwaka 2010 kuhusu majengo ya fleti ikaruhusu nyumba moja ndani ya jengo kuwa na hati yake, na mmiliki wake akawa na fungu katika sehemu za pamoja. Juu ya msingi huo yakainuka makaazi ya Fumba na kwingineko, na wageni wakafunguliwa mlango. Kwa hiyo anayenunua fleti ile ananunua chumba hewani, fungu la ngazi na paa, na miaka kadhaa juu ya ardhi isiyokuwa yake. Bibi wa Ng'ambo wa mwaka 1928 angeufahamu mkataba huo bila ya kufasiriwa.

Tofauti ni kwamba yeye alikuwa mkazi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, kutoka 1,303,569 mwaka 2012, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Hawa wanahitaji pa kulala. Mwalimu wa skuli au muuguzi anayelipwa kwa shilingi hawezi kushindana na bei iliyopangwa kwa dola kwa ajili ya mtu atakayekuja wiki tatu kwa mwaka. Anasukumwa Fuoni, Bububu, Kisauni na kupita huko, na mji wa baba zake anaurudia kama mfanyakazi wa zamu.

Sisemi fleti zisiuzwe. Fedha za wanunuzi zimeokoa majengo ambayo yangekuwa kifusi, na vijana wetu wamepata ajira. Ninachokisema ni kwamba, ikiwa ardhi bado ni ya umma kama ilivyotangazwa mwaka 1964, basi umma una haki ya kumwekea masharti anayeuza juu yake. Kila mradi mkubwa utenge sehemu ya fleti kwa wananchi, kwa bei ya shilingi na mkopo unaolipika. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, na ada ya huduma iwe na ukomo unaojulikana, isije ikawa kodi ya kiwanja kwa jina jipya. Na wakazi wa Michenzani wapewe hati na jumuiya za kisheria za kuyatunza majengo yao, kama wanavyopewa wanunuzi wa Fumba.

Ndugu msomaji uliyemo katika afisi za Serikali, faili la jambo hili huenda limo mezani kwako. Kabla hujalitia saini, litazame lile la mwaka 1928.