Don Rickles, mtu aliyelipwa kuwatukana wateja

Mwaka 1957 Frank Sinatra hakuwa mtu wa kutaniwa ovyo. Alikuwa nyota wa muziki na filamu, mwepesi wa hasira, na magazeti ya Marekani yalishazoea kuandika habari za ngumi zake. Usiku mmoja akaingia kwenye klabu alimokuwa akichekesha kijana asiyejulikana. Kijana akamwona, akamkaribisha kwa sauti ya juu: jisikie uko nyumbani, Frank, mtandike mtu! Sinatra akaangua kicheko, na tangu hapo akawa analeta wenzake wa Hollywood nao waje watukanwe.

Kijana huyo alikuwa Don Rickles. Wanaosimulia kisa hiki mara nyingi humsahau mama. Etta Rickles alikuwa amejenga urafiki na Dolly, mama yake Sinatra, na ndiye aliyeomba Frank ahimizwe kwenda kumtazama mwanawe.

Rickles alizaliwa New York mwaka 1926, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, mhamiaji kutoka Lithuania, aliuza bima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Don alitumikia jeshi la majini huko Ufilipino, kisha akasomea uigizaji. Alitaka kuwa mwigizaji wa kweli kweli, lakini kazi hazikupatikana. Akaangukia kwenye klabu za usiku, mahali ambapo wateja wanakunywa, wanapiga soga na kumzomea aliye jukwaani. Vichekesho alivyokariri havikuchekesha. Alipoanza kuwajibu waliomzomea, ukumbi ukalipuka, naye akatupilia mbali vile vya kukariri.

Mwaka 1959 alianza kuchekesha katika hoteli ya Sahara, Las Vegas, si kwenye ukumbi mkubwa bali upande wa baa, usiku wa manane. Aliingia kwa muziki wa wapigana na mafahali wa Kihispania, suti nyeusi, kipara kinang'aa, macho yakitafuta windo. Bwana mnene, bibi aliyejipamba kupita kiasi, Mwitaliano, Myahudi mwenzake, Mmarekani mweusi: wote walipata fungu lao, wakiitwa mabwege. Hakutegemea matusi ya nguoni. Mwishoni alipunguza sauti, akawaambia watu kwamba yote yalikuwa mzaha. Aliyeketi mbele akakosa kutukanwa, huyo ndiye aliyeondoka amenuna.

Yapo, hata hivyo, yasiyochekesha tena. Mizaha yake kuhusu rangi na asili za watu inakera ukiisikiliza leo, na zile dakika za kuomba radhi haziifuti yote.

Televisheni ndiyo iliyomfikisha kila nyumba. Kuanzia mwaka 1965 alikuwa mgeni wa mara kwa mara katika kipindi cha mtangazaji Johnny Carson, aliyempachika kwa kejeli jina la Bwana Mkunjufu. Mwaka 1976, Carson akiwa likizo, Rickles alivunja kisanduku cha sigara kilichokaa kwenye meza ya Carson. Carson aliporudi, akagundua kisanduku kimevunjika huku kipindi kikiendelea. Hakungoja: akainuka, kamera zikamfuata hadi studio ya jirani, ambako Rickles alikuwa akirekodi tamthilia yake ya C.P.O. Sharkey. Carson akamvamia katikati ya onyesho na kumkaripia mbele ya watazamaji, na kwa mara moja mtukanaji akakosa la kusema.

Mwaka 1985, Ronald Reagan alipoapishwa kwa muhula wa pili, Sinatra alishikilia kwamba bila Rickles naye hatumbuizi. Rickles akapanda, akamgeukia rais na kumuuliza kama maneno yanakwenda mbio mno kwake.

Ule uigizaji alioutamani ulimjia kwa vipande: Run Silent, Run Deep mwaka 1958, na Casino ya Martin Scorsese mwaka 1995. Mwaka huohuo akampa sauti Bwana Kiazi, mwanasesere mwenye kinywa kikali wa Toy Story. Alifariki Aprili 2017, akiwa na miaka 90, kabla ya kurekodi sehemu yake katika filamu ya nne ya Toy Story. Watengenezaji wakapekua rekodi zake za miaka iliyopita, wakaokota maneno humo, na mwaka 2019 Bwana Kiazi akatoka tena akiwa na sauti ileile.